Kabati la Debora Lisilohitaji Fundi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Plaiwudi imefika kwa basi kutoka Mwanza! Tangu biashara iachiwe huru, Bariadi hatukosi kitu. Jumamosi tunamuaga binti yetu Debora, anaolewa Nkoma, na nimemwahidi kabati la vyombo. Mke wangu Milembe kashauri nimwite jirani, fundi Luhaga. Nimecheka. Nimepima pamba miaka ishirini; jicho langu ni mizani. Nimeanza kwa kukata kingo zote nne. Zilikuwa na vumbi la safari.

Milembe kauliza kama nachora ramani ya ziwa.

Jumanne, 7 Juni

Nimenyoosha upande mmoja. Umepinda kwingine. Nimenyoosha tena. Kabati linazidi kupungua! Wazo: ubao wa kitanda uwe rula. Nimeung'oa, nikachora, nikakata. Upinde! Kumbe ubao wenyewe umepinda, na kitanda nilikitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana. Milembe kasema alijua siku zote, ndiyo maana akilala anabingirikia kwangu. Hakutaka kirekebishwe.

Nimeurudisha ubao kitandani, na upinde wake.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda kumchungulia Luhaga kupitia uzio wa minyaa. Akaniona.

"Mwangaluka, baba Debora. Pita mlangoni. Utomvu ukikuingia jichoni, utapimia nini?"

Akanieleza bila kuombwa: ukingo wa plaiwudi uliotoka kiwandani umenyooka tayari. Unakata ukanda wenye ukingo huo, unaubana juu ya plaiwudi, msumeno unaufuata. Nikamwambia nalijua hilo. Akauliza kingo zangu za kiwandani ziko wapi. Nikatazama mbuzi wake. Ziko jikoni, Milembe kapikia ugali.

Luhaga kanipa ukanda wake mwenyewe. Wala hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 11 Juni

Kabati limekamilika. Limenyooka kama reli ya Malampaka! Vikombe vitano vinaenea, cha sita hapana. Debora kalikumbatia, kisha kanikumbatia mimi, akalia. Kasema hatalipandisha kwenye gari pamoja na mizigo. Atalipakata mpaka Nkoma. Nami nimetokwa machozi. Vumbi la mbao.

Baba mkwe wake, mzee Magese, kauliza fundi ni nani. Luhaga kakaa hapo hapo na soda yake, wala hakunisaliti. Nikasema ni mimi peke yangu, tena kwa jicho. Mzee kafurahi mno: kanisa lao linahitaji mlango mkubwa na madirisha kumi na mawili. Nimekubali yote.

Luhaga kapaliwa na soda. Wivu tu!