Wa Pili Kajificha Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Kliniki leo. Muuguzi Rhoda kaangalia picha ya tumbo la mke wangu Mwatumu, kasema: mtoto mmoja, wa kike, mzima kabisa. Mwatumu akacheka kwa furaha.

Mmoja! Sasa itakuwaje? Mimba ilipojulikana, mama alikuja kutoka Kwaluguru, akanipikia bada ya muhogo na kuku. Nikashiba. Nikamwahidi kwamba akizaliwa wa kike atakuwa somo wake, ataitwa Tatu. Wiki iliyofuata nikaenda ukweni Mnyuzi. Mama mkwe akanipikia jogoo mzima. Nikamwahidi kwamba ataitwa Mwanaisha, kwa jina lake. Kuku wananiponza! Kila bibi keshanunua kanga ya kumfunika somo wake, na keshatangazia kijiji kizima. Wakijua, sina pa kuficha uso, na Mwatumu hatanisamehe.

Jioni Raymond, fundi pancha wa jirani na genge langu la machungwa, kanipa uhai. Anaapa kwamba shangazi yake alipimwa akaambiwa mmoja, wakatoka wawili. Wa pili alikuwa kajificha nyuma ya mwenzake! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 6 Agosti

Utafiti. Mwatumu kajilaza baada ya chakula cha mchana. Nikachukua futi yake ya kushonea, nikampima tumbo polepole. Kubwa! Lakini kubwa kuliko nini? Likahitajika tumbo la kulinganisha.

Grasiana, mke wa Simeo, naye yuko karibu kujifungua. Nikaenda kwa adabu zote, futi shingoni, nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya elimu. Simeo akatokea na mchi. Tangu nilipohamishia genge langu mbele ya lake, mtu huyu hana subira kabisa. Nimefika nyumbani na kandambili moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimempelekea Muuguzi Rhoda kiroba cha machungwa. Nikamwomba apime tena, safari hii kwa upande wa mgongoni. Akanisikiliza vizuri. Akasema ni kweli, mimba ikiwa changa sana pacha anaweza asionekane. Lakini hii imekomaa, amepima zaidi ya mara moja, amepapasa na kwa mikono: kichwa kimoja, moyo mmoja. Nikauliza, je, kama mioyo miwili inapiga kwa pamoja? Akaniuliza ni nani kati yetu aliyesomea kazi hii. Machungwa hakurudisha.

Ila yeye hakuapa! Raymond aliapa.

Jumapili, 10 Agosti

Balaa! Mama kapiga simu, keshokutwa anakuja kumpokea somo wake. Sijakata vizuri, mkwe naye kapiga. Keshokutwa hiyo hiyo! Wakikutana nimekwisha.

Nimekaa, nimewaza, nimepata akili. Mama nimemwambia Mwatumu atajifungulia Handeni mjini. Mkwe nimemwambia Korogwe mjini. Mwatumu atajifungulia hapa hapa Kabuku, kwa amani. Wakati wao wanahangaika huko, yule wa pili atapata nafasi ya kujitokeza. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Alfajiri uchungu ukamshika Mwatumu. Nikamwahisha kituo cha afya kwa bajaji. Naogopa, namwomba Mungu, natembea barazani. Mara bajaji nyingine ikasimama. Wakashuka mama na mkwe, pamoja! Wamekutana stendi. Kumbe kila mmoja alimpigia Mwatumu kuhakikisha maneno yangu. Watu hawaniamini, sijui kwa nini.

Wakaketi benchi moja, kila mmoja kakumbatia kanga yake. Simeo naye pembeni, maana Grasiana alikuwa humo humo ndani. Nikawaamkia shikamoo, macho chini, jasho linanitoka.

Ndani mtoto akalia. Halafu akalia mwingine, sauti tofauti kabisa! Yallah! Nikasujudu pale pale sakafuni. Nikapaza sauti: wawili! Tatu wa mama na Mwanaisha wa mkwe, ahadi zangu zote mbili zimetimia!

Benchi zima likanigeukia. Mama akauliza ahadi zipi mbili.

Mlango ukafunguliwa. Rhoda kabeba binti yetu. Nyuma yake muuguzi mwingine kabeba dume la Grasiana. Simeo akanipita anacheka, akaenda kumpokea mwanawe.

Mama akaanza Kizigua, maana yake kakasirika kwelikweli. Mkwe akadakia kwa Kishambaa. Wanaelewana vizuri ajabu. Kisha Mwatumu akasema kutoka kitandani kwamba mtoto anaitwa Yusra, alikwishamchagulia zamani, na mimi hakuna aliyeniuliza. Bibi wote wawili wakakubali hapo hapo, ili tu kunikomoa. Wakamfunika kwa kanga zote mbili.

Halafu wakanipa nimshike. Kadogo! Kakanishika kidole hakataki kuachia. Nikalia mbele ya Simeo, wala sikujali. Mmoja, na ananitosha kabisa.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumba imejaa wageni, Yusra ananyonya vizuri, Mwatumu ameanza kunisemesha. Lakini mama alikuwa jikoni kajikunyata, mnyonge. Nikashindwa kuvumilia. Nikamnong'oneza kwamba wa kike anayefuata ni Tatu, hakuna mjadala. Akatabasamu.

Nikatoka uani. Nikamkuta mkwe anafua nepi, uso mzito. Roho ikaniuma. Nikamwambia anayefuata ni Mwanaisha. Mchana akanipikia jogoo.

Nimeshiba vizuri sana. Kesho asubuhi namwuliza Raymond shangazi yake alikuwa anakula nini.