Ngurumo ya Mara Moja

Jumatatu, 2 Februari

Nimeonewa! Tangu nimalize shule sina pa kufungua mdomo isipokuwa kwenye mchezo wetu wa mezani, chumba cha nyuma kwa Kinyozi. Binamu anasimulia hatari, sisi tunakuwa wahusika, dadu zinaamua. Mimi ni Ngurumo, shujaa asiyeogopa mtu. (Nyumbani naogopa hata kumjibu muuza maziwa.) Leo fisi wametuzingira. Nikatoa kadi yangu ya nguvu. Binamu akasema imekwisha, niliitumia wiki iliyopita. Kadi inasema: “Akiona hatari, atanguruma mara moja, na wote wamsikiao watalala.” Mara moja, akasema, akainua kidole kimoja. Nikairudisha kadi mfukoni.

Tumenusurika kwa bahati tu. Mhusika akifa, mwenyewe yuko nje ya mchezo. Nje ni wapi? Nyumbani, kutazamana na ukuta.

Jumanne, 3 Februari

Nimegundua! Mama aliniita uani: njoo mara moja! Nikakimbia, kisha nikasimama mlangoni kama mlingoti. Huniita hivyo kila siku, wala hajawahi kusema zamu yangu imekwisha. Maana yake ni sasa hivi! Nimemwandikia Binamu barua ya kurasa tatu. Kumwambia ana kwa ana siwezi.

Jumatano, 4 Februari

Barua nimeiona. Imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia kweli.

Alhamisi, 5 Februari

Nimesema! Kwa mdomo! Mikono nikaikalia isinisaliti. Nikatoa ushahidi wa Mama. Kinyozi akasema lo, bubu kaamka na kesi. Halafu akaniunga mkono: wateja wake wote hutaka kunyolewa mara moja, na mwezi ukiisha wanarudi. Binamu akafikiri sana. Akauliza kama nina hakika: kila nikiona hatari, papo hapo, hakuna kusubiri? Nikasema haki ni haki. Akaandika kwenye kadi kwa wino.

Njiani nikamsalimia muuza maziwa. Akashtuka, maskini.

Jumamosi, 7 Februari

Ngurumo amekufa.

Aliteremshwa kisimani kutafuta ufunguo, kamba ikiwa mikononi mwa jitu, mhusika wa Kinyozi. Chini kulikuwa na nyoka. Nikasema nitanyamaza, nipande polepole. Binamu akanionyesha wino. Nikanguruma. Nyoka akalala. Jitu nalo likalala. Kadi inasema wote wamsikiao, na masikio yake yalikuwa mazima. Kinyozi akakoroma kabisa, akafungua viganja, kamba ikaachiliwa.

Mama aliponiona nimenuna, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Na habari ya kisima sikuwa nimemwambia!

Jumapili, 8 Februari

Nimetafakari. Nilimlilia Ngurumo kwa sababu ya sauti yake. Lakini Alhamisi, aliyebishana hakuwa Ngurumo. Nilikuwa mimi, na mikono yangu niliyoikalia. Hilo ni jambo kubwa, nitalifikiria vizuri siku nyingine.

Sasa hivi nina kazi. Ukurasa wa mwisho wa kanuni unasema: “Aliyekufa atakaa nje mpaka apatikane mwingine.” Mwingine nani? Mhusika mwingine, au maiti mwingine? Hawakusema! Na jitu la Kinyozi bado limelala ukingoni mwa kisima.

Namwandikia Binamu kumuuliza kama majitu hujigeuza usingizini. Nimefika ukurasa wa nne.