Pombe ya Harusi na Ukuta Uliopoa

Kwa Mwoka Mikate,
Upande wa pili wa ukuta wangu.

Ndugu Shemeji Mtarajiwa,

KUH: TANURI LAKO KUZIMWA NA POMBE YANGU KUGOMA KUCHACHA

Awali ya yote nakujulia hali. Mimi sijambo, isipokuwa miguu, nitakayoieleza mahali pake. Najua kwa sasa hatusalimiani, lakini sijaona palipoandikwa kwamba watu wasiosalimiana hawaruhusiwi kuandikiana. Ningeweza kugonga ukuta kama tulivyozoea, ila jambo lenyewe ni zito, linataka karatasi.

Iwapo barua hii itafikishwa mbele ya watu watuamue, najitambulisha: mimi ni fundi kufuli, mpangaji wa chumba kinachoegemea tanuri lako, na mchumba wa dada yako mkubwa. Hilo la tatu ndilo linalokukera. Hayo mawili ya kwanza ulikuwa huna neno nayo.

Tukubaliane kwanza juu ya yaliyotokea. Nilikuja dukani kwako nikasema nia yangu, na dada akaitikia mbele yako, wewe ukiwa unakanda unga. Ulinawa mikono, ukazima tanuri, ukatundika kibao cha "Tumefunga" huku wateja wangali ndani. Kisha ukamtuma dada aniletee maneno haya: "Mwambie fundi, tanuri hili ni la watu wawili. Akimchukua mmoja, halina kazi."

Mimi nilidhani ni hasira za kupita. Nikaenda zangu kupika kimea cha pombe ya harusi, nikakimimina kwenye pipa, nikatia hamira, nikalisukuma pipa hadi kwenye ukuta wetu, pale penye joto. Nikasema asubuhi litakuwa linatoa povu. Shemeji, asubuhi ukuta ulikuwa baridi kama meza ya karani. Ndipo yalipoanza malalamiko yafuatayo:

1. Pombe imekaa tu. Hakuna povu, hakuna hata kiputo cha kusingizia. Pipa la pombe inayochacha hunong'ona ukilitegea sikio, langu limenuna. Nimekoroga. Nimeongeza sukari. Nimelibembeleza kwa maneno ambayo hata dada yako sijawahi kumwambia. Mwishowe nimelivika koti langu jipya, lile nililoshonesha kwa ajili ya ndoa, na sasa koti linanuka kimea ilhali pipa halijashukuru.

2. Hamira ni kiumbe hai, nacho kinataka joto ndipo kifanye kazi. Wewe ndiye mtu wa mwisho katika mtaa huu wa kuelezwa hilo. Kwa hiyo ulipozima moto ulijua fika ni nani unayemwadhibu. Kama una neno na mimi, sema na mimi. Hamira haijaposa dada wa mtu.

3. Miguu. Mwenye nyumba aliponipangisha chumba hiki alinisifia joto la bure, na kweli sikuwahi kununua blanketi. Sasa mahali pa kitanda nimeliweka pipa, na kitanda kiko mlangoni, penye upepo. Navaa soksi mbili mbili. Juzi dada yako aliingia akanikuta nimelikumbatia pipa ili nilipashe joto kwa mwili wangu. Aliniuliza kama arudi baadaye.

4. Mtaa mzima umeharibika. Muuguzi wa zahanati ya pale kona anakwenda zamu na tumbo tupu, na wagonjwa wanasema mkono wake wa sindano umekuwa mzito. Watu wanafika mlangoni pako, wanasoma kibao, kisha wanakuja kwangu kuniuliza kama mimi, kwa kuwa ni fundi, siwezi kukufungua. Nimewaeleza kwamba nafungua milango tu.

5. Hili naliandika polepole. Dada yako amekuja kibandani kwangu kuchongesha ufunguo mwingine wa ghala la unga. Unajua jinsi anavyoupoteza. Wewe humwita msahaulifu, na mimi sikukupinga, maana kila ufunguo ulipopotea alikaa kitini kwangu mpaka mwingine uishe, na mimi sikuwa na haraka ya kuumaliza. Lakini safari hii, Shemeji, hakuna unga wa kufuata ghalani. Alikaa tu. Mashine ya kuchongea ilipotulia alisema, "Mdogo wangu hali chakula. Anapika uji, anautazama, anaumwaga." Nikamwonyesha ufunguo. Akaongeza kwamba tangu mama yenu alipofariki hujawahi kutoa mkate dukani kabla yeye hajaonja chumvi, na kwamba hatataja siku ya ndoa mpaka wewe ukubali kuketi meza moja nasi. Kwa maana hiyo tanuri lako limezuia pombe, limezuia mikate, na sasa limezuia mke. Sijui tanuri jingine lenye mamlaka kiasi hicho.

Kutokana na hayo, naomba mojawapo ya haya:

Kwanza, uwashe moto, hata kama hutaoka kitu. Moto tu, kwa heshima ya pipa.

Au, kama umeapa tanuri halitawaka, unipe idhini niutoboe ukuta niiingize pombe yangu dukani kwako ikae karibu na unga, huenda ikapata nguvu kwa kuona wenzake. Nimepima. Tundu la kupitisha pipa ni karibu sawa na mlango, na tukishafika hapo ni upuuzi kutoweka mlango kabisa. Mlango ukiwepo, dada yako atakuwa hajahama. Upande huu atakuwa mke, upande huo atakuwa dada, na alfajiri atapita na khanga yake kuonja chumvi kama kawaida, bila hata kuvaa viatu. Mlango huo sitautilia kufuli, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni fedheha, lakini nitaistahimili.

Nisalimie wachukuzi wako wa magunia, paka wa ghalani, na mwenye nyumba akija kudai kodi. Msalimie pia dada, ingawa nimemwona mchana. Naipitisha barua hii chini ya mlango wako, nikiamini bado unafagia.

Ni mimi katika baridi,
Fundi Kufuli,
Shemeji yako, utake usitake.

Nyongeza: Kabla sijaikunja, dada yako amepita. Ameisoma yote akiwa amesimama, na alipofika kwenye habari ya koti akacheka mpaka akaketi. Kisha akaniuliza hamira niliitia lini. Nikamjibu kwamba niliitia papo hapo, kimea kikiwa kimetoka tu jikoni kikitokota, kwa sababu siku ile nilikuwa na furaha na sikutaka kuchelewa. Akasema basi niliichemsha ikafa yote, na hata ungewasha matanuri ya mji mzima isingefufuka. Kwa hiyo naomba ufute lalamiko la kwanza na la pili. La tatu amelifuta yeye, anasema mablanketi yanauzwa. Ameniamuru nipike upya, nisubiri kimea kipoe mpaka kidole kikivumilie, na niombe kwako kijiko kimoja cha hamira nzuri. Nilitaka kuja kuichukua, akanikataza. Anasema uilete wewe, leo, na tayari ameweka sahani tatu. Meza ni ile ninayofanyia kazi, hatuna nyingine, kwa hiyo ukishaingia kagua kiti kabla ya kuketi. Huwa kina vyuma.