Ombi la Dhamana kwa Cherehani Iliyo Mahabusu

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

YAH: KUACHIWA KWA CHEREHANI YANGU

Shikamoo, ingawa nimekuzidi umri. Cheo nacho kina mvi zake. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ungali kwenye kiti hicho, maana wakuu watatu waliokutangulia walihamishwa kabla ya kufungua bahasha zangu.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, na kibanda changu kinatazamana na geti lenu. Miezi kumi na tisa iliyopita, mchana kweupe, kijana wa mtaani kwetu aitwaye Taratibu alinyanyua cherehani yangu, gauni la harusi la binti yangu likiwa bado chini ya sindano. Hakufika mbali. Alikutana na dada yangu mkubwa, akaona aibu kumpita mtu mzima bila salamu, akaitua mashine, akamwamkia, akaulizwa habari za nyumbani, akazijibu zote. Mwenda pole hajikwai, lakini hukamatwa. Siku ile nililishukuru jeshi lako kwa machozi. Machozi yale sasa naomba nirudishiwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Taratibu alipata dhamana siku ya nne. Cherehani, pamoja na gauni, imo ghalani mwenu hadi leo, imefungwa kikaratasi shingoni: Kidhibiti Na. 3. Niliambiwa haiwezi kutoka kwa kuwa kesi haijaisha. Nikauliza kesi ni ya nani kati yao wawili. Nikaombwa nikasubiri nje.

2. Nilipotaka kutoa maelezo niliambiwa nije siku ya kazi, na nije na karatasi yangu. Nilikuja. Maelezo yalipotea mara mbili, nami nikaleta karatasi mara tatu. Mara ya tatu na kalamu ilikuwa yangu, nayo imebaki huko.

3. Mahabusu wengine huletewa chakula na ndugu zao. Mimi nilileta kichupa cha mafuta ya mashine, nikazuiwa, ati nitaharibu ushahidi. Kutu haikuzuiwa.

4. Mwezi jana koplo wa ghala aliweka mguu juu ya benchi nililokalia ili afunge kamba za buti. Nikauona upindo wa suruali yake: mshono unaruka kila tundu la tisa. Mheshimiwa, cherehani yangu ina kasoro hiyo tangu ilipoanguka siku ya msiba wa mume wangu. Naijua kama sauti ya mwanangu. Najua wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni wenu hakuja kwa hiari, na mahabusu hafanyishwi kazi kabla ya hukumu. Tangu siku hiyo nawatazama askari wako wakipita kwenda gwaride. Nimefikia suruali kumi na moja.

5. Taratibu hupita kwangu kila asubuhi, huniamkia, kisha huuliza kama mtoto wetu ametoka. Kwa miezi yote hii, mtu pekee aliyeniuliza habari za cherehani bila kunidai karatasi ni yule aliyeiiba.

Kitambaa cha gauni lile alikinunua marehemu mume wangu, akakikunja mwenyewe kabatini, akasema ni cha binti yetu siku yake ikifika. Binti hataki kuvaa kingine. Amekwisha ahirisha harusi mara tatu, na tarehe ya nne ni Jumamosi ijayo. Mchumba wake ni mtu wa subira, lakini mama wa huyo mchumba si mtu wa subira. Naumia, Mheshimiwa, nasema wazi.

Kwa hiyo naomba cherehani ipewe dhamana. Wadhamini ni dada yangu na mwenye nyumba wangu. Ina miguu minne ya chuma, lakini haina historia ya kutoroka.

Kama sheria haitoi dhamana kwa kidhibiti, basi cherehani ishtakiwe. Kosa lipo: ilikutwa na mwizi na haikupiga kelele. Ikifungwa mwaka mmoja, itakuwa imeshautumikia, pamoja na miezi saba ya nyongeza ambayo sitaidai.

Kama hilo nalo ni gumu, nikamateni mimi mnifungie humo humo ghalani. Kumalizia gauni nahitaji muda wa saa sita tu na dirisha lililo wazi. Na kwa siku zijazo nashauri mwizi asikamatwe kabisa, aachwe akauze. Mali nitaikuta mnadani kabla ya adhuhuri, nami nitajua ni nani wa kubembeleza.

Usidhani napenda njia za mkato. Taratibu mwenyewe alijitolea kunisaidia, nikamfokea mbele za watu kwamba mimi ni mtu wa sheria.

Msalimie koplo wa ghala, dereva wa gari lisilokuwa na mafuta kila siku ya kesi, na wote kumi na mmoja wenye suruali.

Wako mtiifu,
Fundi wa mbele ya geti

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Leo asubuhi nimefungua mlango nikaikuta cherehani kizingitini, imepakwa mafuta, gauni chini ya sindano, kikaratasi chenu shingoni. Aliyeileta simjui, mimi ni fundi, si mpelelezi. Ninachojua ni kwamba Taratibu amepita akanyoosha mgongo, akaniamkia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za mtoto wetu. Dhamana siitaki tena. Na kwa kuwa safari hii mlioibiwa ni nyinyi, nitayapokea malalamiko yenu baada ya harusi. Njooni siku ya kazi, na mje na karatasi yenu.