Unyooshaji wa Vazi la Mapambano

Kwa heshima na taadhima, na kwa sauti iliyowaondoa kunguru juu ya paa la bwalo, Brigedia aliutangazia umma wote wa chuo cha maafisa kwamba kuanzia saa ile hakuna mwanajeshi aliyepata kupiga pasi.

"Si leo, si jana, si tangu jeshi lianze," alisoma. "Mwanajeshi hapigi pasi. Hatandiki kitanda. Hapigi deki, hafui, hashoni kifungo. Aliyewahi kumwona mwanajeshi akifanya hayo aliona vibaya, na anaombwa kufika zahanati akapimwe macho."

Makadeti, waliosimama mbele yake na sare zilizonyooka kama zimepigiwa rula, wakajibu kwa kishindo kwamba wameelewa.

Na nani wa kuyasema hayo kama si yeye? Suruali ya Brigedia ilikuwa na mstari ambao vijana walisema ungekata mkate bila makombo, ndiyo maana nyuma ya mgongo wake walimwita Afande Mstari. Mstari ule, kuanzia asubuhi hiyo, haukutokana na pasi. Ulitokana na uzalendo.

Chanzo cha yote kilikuwa mtafiti. Chuo kikuu kilimleta dada mmoja mwanasosholojia, mpole, mwenye miwani, aandike kazi yake ya udaktari juu ya utamaduni wa kijeshi, jinsia na elimu. Brigedia alimpokea kwa mikono miwili. Neno "utamaduni" alilielewa kuwa ni ngoma za bendi. "Elimu" alijua ni yeye mwenyewe. "Jinsia" alidhani ni habari ya vyoo vya wasichana, jambo ambalo chuo kilikuwa kimelishughulikia kwa kununua kitasa. Akampa ruhusa ya kuingia popote, akapiga na picha kabisa, ya kuwekwa mwanzoni mwa kitabu.

Dada wa watu akakaa pembeni mwa mabweni, akatazama. Alikaa hata watu wakamsahau kama wanavyosahau stuli. Akaona vijana wa kiume wenye ndevu wakikunja shuka pembe hadi pembe, wakitia uzi kwenye sindano kwa mkupuo mmoja. Akamwona binti wa seremala aliyeingia chuoni hajui kutandika kitanda, maana kwao alikua akishika randa, akifundishwa na kaka mmoja mwenye kifua kama kabati. "Vuta hapa, dada. Usilionee huruma shuka." Kisha akaandika, kwa lugha ndefu ya wasomi ambayo kwa kifupi ilisema hivi: jeshi ndilo shule kubwa kupita zote ya kazi za nyumbani, na mwanafunzi wake ni mwanamume, tatizo ni kwamba akifika mlangoni kwake huwa amesahau masomo yote kabla hajavua buti.

Hayo Brigedia angeyavumilia. Wasomi huandika, na nchi huendelea. Lakini katika sura ya tano alikutana na maneno haya: "Hata mkuu wa chuo, kila asubuhi, hufunga mlango wa ofisi, husahau dirisha, huvua shati lililopigwa pasi nyumbani, na kulipiga upya kwa mkono wake, kwa kuwa hamwamini mtu yeyote kwenye kola."

Alisoma amesimama. Akakaa. Akatazama kabati alimoficha pasi yake, nyuma ya bendera ya akiba. Usalama wa taifa ulikuwa hatarini, na taifa lenyewe lilikuwa jikoni kwake, linachemsha chai.

Taifa hilo ni mke wake, Mama Pacha. Siku ya harusi yao Brigedia, wakati huo luteni mwembamba kama mpini, alimwonyesha mikono na kumwambia, "Hii ni ya bunduki. Pasi haiijui." Bibi harusi akaamini. Tangu hapo alipiga yeye, alfajiri baada ya alfajiri, mapacha wakazaliwa, wakakua, wakaondoka, naye anapiga. Sasa bega la kulia lilikuwa limeanza kumuuma. Usiku alilalia upande mmoja. Kuchana nywele ilibidi ainamishe kichwa kuufuata mkono.

Jioni ya tangazo alikuwa kwenye meza ya pasi, anasukuma kwa mkono wa kushoto.

"Baba Pacha, daktari kasema huu mkono upumzike kabisa. Nikiulazimisha, utakauka."

"Pole sana, mama. Basi usiulazimishe. Ulegeze legeze."

"Ndiyo nautumia wa kushoto."

"Umefanya vizuri. Wanawake mna akili."

Mama Pacha alipenda vitendawili, na mkono ukimuuma alivipenda zaidi.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Bibi mmoja ana tumbo la moto, apitapo, mikunjo yote hukimbia."

Brigedia alilijua jibu kabla ya nusu. Lakini hata kwenye kitendawili hakutaka kuonekana anafahamiana na bibi huyo.

"Jua?"

"Siyo."

"Treni?"

"Treni na mikunjo wapi na wapi, mume wangu?"

"Basi nimeshindwa, nakupa mji."

"Ni pasi."

"Ahaa, pasi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesimuliwa mnyama wa mbali.

Basi, tangazo peke yake halikutosha, kwa maana pasi zenyewe zilikuwa bado zipo, zimepangwa bwenini kama kuku. Brigedia akaunda Kamati ya Uhakiki wa Majina ya Kazi za Kivita, akaiongoza mwenyewe. Kamati ilifanya kazi kwa uzito mkubwa. Kutandika kitanda kukawa "maandalizi ya kituo cha mapumziko ya kimkakati". Kushona kifungo kukawa "urejeshaji wa kiungo cha sare". Kumenya viazi kulizua mabishano hadi saa ya chakula, kisha kukapitishwa kuwa "uvuaji wa magamba ya shehena". Mpango ulikuwa mwepesi: wizara ikishapitisha majina, kitabu cha mtafiti kitakuwa kinazungumzia mambo yasiyokuwepo, na mambo yasiyokuwepo hayapewi udaktari wala hayasomwi na wake za watu.

Brigedia akapita mabwenini kuwapima uelewa. Akamkuta sajini kazini.

"Sajini, umeshika nini?"

"Pasi, afande."

"Angalia tena."

Sajini akaangalia. "Kifaa cha joto cha unyooshaji, afande."

"Na unafanya nini nacho?"

"Napi… Nanyoosha vazi la mapambano, afande."

"Mbona linatoa moshi?"

"Mapambano yamekolea, afande. Afande kaniuliza mengi."

Hafla ya kupitisha majina ilifanyika ukumbini mwa chuo, mbele ya Waziri wa Ulinzi mwenyewe, na kwa kuwa Waziri alipenda sauti yake ikienda mbali, redio ilirusha moja kwa moja. Wake wa maafisa waliamriwa kuja kujaza viti. Wakaja, wakajaza. Mama Pacha alikaa safu ya mbele, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mtoto aliyelala. Upande wa pili alikaa mtafiti, ambaye kazi yake yote ilikuwa inangoja kuuawa kwa mhuri.

Waziri akamuuliza kama ana neno.

"Mheshimiwa, sina ubishi," akasema mtafiti. "Naomba tu afande anisaidie, nikirudi kwa walimu wangu nijue la kujibu. Kazi hizi zinakuwaje za kivita?"

Swali hilo lilimwingia Brigedia kama chai ya tangawizi. Akasimama, akavuta koti chini.

"Dada yangu, vita si risasi tu. Kazi ya kivita ni ile inayofanywa kabla jua halijatoka, kila siku, iwe mvua iwe jua. Inafanywa kwa ajili ya wengine. Hapana kuuliza kwa nini, hapana kushukuriwa. Mwili ukiuma, unaendelea. Anayeifanya haonekani. Aiache siku moja tu, ndipo kila mtu anapojua kwamba alikuwepo."

Katika safu za wake, mama mmoja alivua miwani akaipangusa. Mwingine alimgeukia mwenzake, wakatazamana kitambo kirefu. Brigedia aliona amewagusa, na kweli alikuwa amewagusa.

"Imepita," akasema Waziri, akainua mhuri. "Kuanzia sasa kazi hizi zote ni za kivita, popote zinapofanyika."

"Popote, mheshimiwa?" mtafiti akauliza.

Waziri alikuwa hewani, na mtu aliye hewani hawezi kusema kwamba jeshi lina mahali linapokomea. "Popote," akasema, akagonga.

Ndipo Mama Pacha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi si msomi, nauliza tu. Askari akiumia kwenye kazi ya kivita, inakuwaje?"

Waziri akamgeukia Brigedia, maana yeye mambo ya jeshi alikuwa hayajui kwa undani, alikuwa Waziri tu. Na Brigedia, masikini, hiyo ndiyo kanuni aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akiifundisha mwenyewe. Ikamtoka mdomoni kama dua.

"Askari aliyeumia anapumzishwa mara moja. Nafasi yake inachukuliwa na askari mwenye ujuzi aliye karibu naye zaidi, bila kujali cheo. Lindo haliachwi wazi."

"Ahsante, Baba Pacha," akasema mkewe. "Mimi nimeumia bega kwenye unyooshaji wa vazi la mapambano. Na aliye karibu nami zaidi, tunalala kitanda kimoja."

Kicheko kilianzia safu ya wake, kikapita kwa makadeti, kikagota kwenye meza kuu. Brigedia akakitazama kiti chake kana kwamba kimehama.

"Karibu, ndiyo," akasema. "Ila kanuni inasema mwenye ujuzi. Mimi sijui."

"Hujui nini?" Waziri akauliza.

"Ku… kunyoosha vazi, mheshimiwa."

Waziri akainamisha uso juu ya wino ambao haujakauka. "Nimepitisha kazi ya kivita, redioni, na mkuu wa chuo ananiambia haijui? Basi unafundisha nini hapa?"

Jenerali, aliyekuwa amekaa mkono wa kulia wa Waziri, akakohoa. Kikohozi cha Jenerali huwa na maana. Brigedia akisema hajui, anakipoteza chuo. Akisema anajua, anarudi nyumbani na mkono usiokuwa wa bunduki.

"Leteni kifaa," akasema Waziri.

Sajini alileta meza, pasi, na shati la kadeti mmoja lililotoka kwenye kamba limekunjamana kama uso wa mtoto aliyenyimwa. Brigedia alikuwa amekwisha kata shauri. Ataliunguza kidogo. Atashika pasi vibaya, ataanzia mgongoni, ataacha michirizi. Kisha Waziri atamkemea, na kukemewa hupita. Akaishika pasi vibaya. Akaanzia mgongoni. Na hapo jicho lake likaangukia kola, ambayo ncha moja ilikuwa imejikunja kwa ndani.

Akajaribu kuangalia pembeni. Wanaomjua wanasema alijitahidi sana. Lakini kidole kilikwenda chenyewe, kikaikunjua ile ncha. Mkono mwingine ukaomba maji. Akapuliza maji kutoka kinywani, umande mwembamba, sawasawa pande zote, na pasi ikashuka. Ncha hadi katikati, ncha hadi katikati, geuza. Bega la shati juu ya pembe ya meza. Mkono, mshono juu ya mshono. Alizunguka vifungo kama mtu anayewapita watoto waliolala. Alipomaliza alifunga kifungo cha juu, akalisimamisha shati mezani, nalo likasimama.

Makadeti walipiga makofi. Waliamriwa kutoliona jambo hilo, wakashindwa.

Mama Pacha hakupiga makofi. Alikuja hadi mezani, akaigusa kola kwa kidole.

"Hii naijua," akasema polepole. "Mimi nikiipiga hulala upande. Ukirudi jioni imekaa wima. Miaka yote hiyo nilidhani ni joto la mwili wako."

"Mama Pacha, mimi nilitaka tu…"

"Bega lote hili, Baba Pacha. Halafu unakwenda kuifuta kazi yangu."

Brigedia akaisimamisha pasi mezani, mbele ya jeshi zima. Mkewe akavuta kiti cha meza kuu, kile chenye mto, kilichoandikwa cheo cha mumewe. Akakaa, akaulaza mkono kwenye mkono wa kiti, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akautua bila kukunja uso.

"Sasa nimepumzishwa," akasema. "Nyumbani kuna shuka na mapazia. Na zile sare zako tano. Anza na mapazia."

"Ndiyo," akasema Brigedia. Akaongeza, kwa sauti ndogo, "afande."

Waziri alicheka hadi machozi. Alikuwa bado anajipangusa simu yake ilipolia mfukoni. Akaitazama, akaacha kucheka. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mke wangu… Ndiyo, nilikuwa hewani… Hapana, sikusema hivyo… Ndiyo, nilisema popote… Kiuno? Tangu lini kiuno?… Nimeshagonga, mke wangu, mhuri haufutiki… Sawa. Sawa."

Ukumbini, wake wa maafisa walikuwa wamesimama kwa mstari, mmoja kashika mgongo, mwingine goti, mwingine anasema ni vidole, vinakufa ganzi akikamua nguo, wote wakimngoja mtafiti ambaye alikuwa amefungua ukurasa mpya. Waziri akashuka jukwaani bila walinzi. Akamfikia Brigedia pale mezani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamsogelea sikioni.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "kola inaanzia wapi?"

"Kwenye ncha, mheshimiwa. Unakwenda katikati."

"Na ikigoma?"

"Unapuliza maji. Kidogo tu."

Jenerali naye akakivuta kiti chake karibu, akijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.