Yangeyange wa Mbao

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha kamati ya bwawa, kwenye kibanda cha kinyozi. Kinyozi ndiye katibu, kwa sababu ndiye mwenye viti. Wataalamu wa chama cha ndege wanakuja Jumapili kuhesabu. Wakikuta yangeyange wamerudi kuzaa, wataingia ubia nasi na bwawa litabaki. Wasipowakuta, wakubwa wa mji watalifukia liwe maegesho ya malori. Wafyatua matofali wameshahamisha tanuri lao. Wasuka mikeka, wakiongozwa na mama mkwe wangu, wameapa kutokata matete ya mashariki. Nikaulizwa mimi, seremala, natoa nini. Nikasema natoa mawazo. Mama mkwe akakohoa.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda mashariki kutazama. Yangeyange: wawili. Mmoja akaniona, akaondoka. Amebaki mmoja. Hapo ndipo wazo liliponijia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza ndege ishirini wa plaiwudi. Rangi nyeupe, midomo ya njano, shingo nimezikunja kidogo waonekane wana mawazo. Wageni watahesabia mbali, hawatajua. Mke wangu kauliza kabati la mteja litaisha lini. Nikamwambia kuna kazi za taifa. Akauliza kazi za taifa zimeanza lini kuwa na midomo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewachomeka wote alfajiri. Kiatu kimoja kimebaki matopeni. Narudi, nakutana uso kwa uso na mama mkwe, mundu mkononi. Akautazama mguu wenye kiatu, kisha mguu mtupu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeweka kumbukumbu.

Jumapili, 9 Machi
Wataalamu wamefika, wakiongozwa na mama mmoja mpole mwenye darubini. Mtaa mzima ukingoni. Akahesabu ishirini na tisa. Nikajua haoni vizuri, maana mimi nilichomeka ishirini, na yule mmoja wangu hai asingeweza kuwa tisa. Akaendelea kutazama. Halafu akauliza, taratibu, kwa nini ndege mmoja ameegemea ubavu nusu saa nzima, na mwenzake ana msumari kichwani.

Mama mkwe akageuka kunitazama. Mdomo ukanitangulia: nikasema kwa sauti aulizwe katibu, ndege hao ni wake.

Yule mama akamwendea kinyozi, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Akasema kwingine watu hufanya hivyo makusudi. Yangeyange huzaa kwa makundi na huogopa mahali patupu. Wakiona wenzao wametulia, nao hutua. Tisa ni hai, akasema, na wawili wamebeba vijiti.

"Wanajenga," akasema, akinyoosha kidole.

Wasuka mikeka wakapiga vigelegele. Wafyatua matofali wakakumbatiana, vumbi likatimka. Mkataba wa ubia umesainiwa pale pale, juu ya mgongo wa mfyatua matofali mmoja aliyejitolea kuinama. Katikati ya picha: kinyozi. Machozi yamenilenga, nusu kwa ajili ya ndege, nusu kwa ajili ya kinyozi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda kwa kinyozi kudai heshima yangu. Hakubisha. Alisema anajua fika ni kazi yangu, na mama mkwe anajua, na mtaa wote unajua, ila picha zimeshapigwa. Ameniagiza ndege thelathini zaidi kwa niaba ya kamati. Akaninyoa bure. Upande mmoja amepitiliza, nadhani kwa makusudi.

Jumatano, 12 Machi
Viota vinne. Mama mkwe amekuja kunipa habari hiyo mwenyewe, kwa upole, kana kwamba ni mimi niliyetaga. Tatizo limebaki moja: mbwa wanapita upande wa magharibi na kuwafukuza ndege. Kamati inataka uzio, nao utachukua mwezi. Mimi nina jibu la siku mbili. Mamba. Mbao tupu, urefu mita tatu, macho mekundu, meno ya vipande vya bati. Nitamlaza majini pale magharibi, nusu amezama, kinywa wazi.

Hapo ndipo mama mkwe anapoingia kila alfajiri kukata matete yake. Sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote. Nataka wastaajabu wote kwa pamoja.