Mzimu wa Pipa na Kopo la Maoni

Jumatatu, 3 Juni

Siku imefika! Filamu yangu, Aliyemo Ndani ya Pipa, imeanza kuonyeshwa leo saa kumi jioni, na itaonyeshwa kila siku hadi Ijumaa, kwenye ule ukumbi ambao asubuhi wanafundishia ushonaji. Watazamaji kumi na tisa. Viti vya plastiki viko arobaini, lakini kumi na tisa si haba, na kati yao watatu si ndugu zangu.

Naandika kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Filamu ni ya kutisha. Familia inahamia nyumba yenye pipa la maji uani. Ndani ya pipa kuna mzimu. Mzimu ni mama mkwe wangu, tuliyempaka unga usoni na kumfunga pazia lake mwenyewe la sebuleni. Mtunzi, mwongozaji na mpiga picha ni mimi. Mhariri ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi kompyuta, mtu wa maneno machache na dharau nyingi.

Makubaliano na mke wangu yako wazi. Filamu moja tu. Ikipata wiki ya pili ukumbini, mimi ni msanii. Isipopata, narudi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mama mkwe, kupima misumari. Nimeshapima misumari miaka saba! Mpaka leo nikiona mzani mwili unanisisimka.

Mwenye ukumbi, mama mmoja mkali tunayemwita Bi Viti kwa jinsi anavyovihesabu kila watu wakitoka, ameweka kopo la biskuti mlangoni. Kila mtazamaji anaandika maoni kwenye kadi na kuitumbukiza. Kopo linasomwa Ijumaa. Wengi wakisema wameogopa, napata wiki ya pili. Wakisema vingine, ukumbi unachukuliwa na darasa la mazoezi ya viungo.

Ilipofika ile sehemu kubwa, pipa linapofunguliwa, nilifumba macho, nikaziba masikio, nikahesabu mpaka sitini. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Si woga. Msanii hatazami kazi yake kama mtu wa kawaida. Nilipofumbua macho majina yalikuwa yanapita na ukumbi uko kimya. Hakuna aliyepiga hata ukelele. Wameogopa mpaka sauti zimewakauka!

Njiani mke wangu akanishauri niongee na mdogo wake kuhusu ule mwisho. Nikamwambia sanaa haijadiliwi na mafundi.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua kopo kwa siri wakati Bi Viti anapanga viti vyake. Kuangalia tu upepo unavuma vipi. Loo! Watu hawana haya.

Mmoja amecheka mpaka mbavu zimemuuma. Mwingine anauliza kwa nini baba wa familia anaanza maongezi na simu nyeusi na kuyamaliza na simu nyekundu. (Nyeusi iliisha chaji. Ningefanyaje?) Wa tatu anasema mwigizaji bora ni paka. Paka yule hata hakualikwa, alipita tu.

Halafu kuna wawili wanaouliza pipa lilikuwa na nini, mbona halikufunguliwa. Walilala, hao! Wamekuja kukaa kwenye feni, wakasinzia, wakaamka na kujifanya wachambuzi.

Mbaya kuliko wote ni Mwalimu Mstaafu. Huyu hakosi onyesho lolote, anakaa mstari wa mbele na mto wake wa kukalia, na anaandika kwa kalamu nyekundu. Kanipa kumi na moja kwa mia. Chini yake: “Hadithi inaahidi mzimu. Mzimu hauonekani. Rudia kazi.” Mzimu hauonekani! Mama mkwe wangu ana kilo tisini na mbili, anatoka kwenye pipa la bluu amevaa pazia la maua, na mtu mzima anasema hauonekani. Miwani yake ibadilishwe.

Hesabu ya kwangu: walioogopa, mmoja. Na huyo kaandika kwamba ameogopa dari la ukumbi litamwangukia. Sitakubali. Misumari sirudii.

Jumatano, 5 Juni

Kazi imefanyika. Nimejifungia jikoni tangu asubuhi na kadi arobaini, kalamu za rangi sita na chai ya rangi. Nimeandika maoni kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na kadi tatu kwa mguu, ambazo zimetoka vizuri kama za mzee mgonjwa.

Nilijivika nafsi za watu mbalimbali. Muuguzi wa wodi ya majeruhi: ameona mengi, lakini pipa lilipofunguliwa alimshika mkono mtu asiyemjua na bado hajauachia. Bondia mstaafu: amelala na taa inawaka. Mjane: amemsamehe marehemu mumewe kila kitu, ili tu asije akatokea. Fundi bomba: tangu Jumatatu hagusi pipa la mtu, anaomba wateja wamvumilie. Huyu wa mwisho nilimpenda mpaka nikamwandikia kadi mbili.

Kadi zote arobaini zinasifia sehemu ya pipa kufunguliwa, kwa sababu ndiyo roho ya filamu. Niliieleza kwa undani: kifuniko kinavyotetemeka, mkono unavyochomoza, pazia linavyochuruzika maji, macho ya yule mama. Vipaji ninavyo, jamani!

Mke wangu kaingia ghafla akaniuliza kwa nini nimevua kiatu na nina kalamu kati ya vidole vya mguu. Nikasema mazoezi ya mgongo. Akachukua sufuria yake, akaondoka. Jioni nikazitumbukiza zangu na kuzitoa zao.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo yamenyooka kupita kiasi! Kopo lilijaa mpaka kifuniko kikagoma kufunga, kwa hiyo Bi Viti hakusubiri Ijumaa. Kazisoma kadi, kazibandika zote ukutani nje ya mlango. Watu wanasimama na kusoma, wanashika vifua.

Na aliyepita kusoma ni nani? Mama mkwe. Alikuwa anapeleka rangi kwa mteja, akaona maandishi, akasimama. Akasoma ya muuguzi. Akasoma ya bondia. Akafika pale mjane anaposema mwanamke wa ndani ya pipa ameigiza kwa macho tu kuliko wengine wanavyoigiza kwa mwili mzima. Akalia. Ndoo ya rangi mkononi, analia barabarani!

Jioni kaja nyumbani. Tangu nimuoe binti yake, miaka tisa, huniita “wewe”. Leo kaniita mwanangu. Mwanangu! Alisema tangu mzee wake afariki hakuna mtu aliyewahi kumsifia jambo lolote isipokuwa bei zake. Kesho anafunga duka saa nane, anakuja na wanakwaya wenzake kumi na wawili kujiona. Na anashonesha nguo usiku huu huu.

Nakiri, kwa dakika moja hivi nilimpenda yule mama kweli, na nilisahau kabisa kwamba sifa zile nimeziandika mimi, nyingine kwa mguu.

Shemeji alikuwepo. Aliposikia mama yake anakuja, rangi ikampotea. Akanivuta pembeni, anasema kuna jambo kuhusu sehemu ya pipa lazima nilijue. Nikamkumbusha kwamba siku tuliyopiga picha ile alisema ataishughulikia, na ameishughulikia, na ukuta mzima unashuhudia. Nikaenda kufanya mazoezi ya hotuba ya shukrani mbele ya kioo. Nimetoa machozi mara mbili, mara ya pili bila kulazimisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika upesi kabla aibu haijanimaliza.

Ukumbi ulijaa. Viti arobaini na watu wamesimama. Mama mkwe mstari wa mbele, nguo mpya, kilemba kama taji, wanakwaya kulia na kushoto. Mwalimu Mstaafu na mto wake ilibidi wasogee. Nilifurahi kuliona hilo.

Filamu ikaenda. Pipa likakaribia. Nikafumba macho, nikaziba masikio, moja, mbili, tatu. Nilipofika ishirini nikasikia, pamoja na vidole kuziba, sauti ya mama mkwe. Anauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Nikafumbua. Kwenye skrini majina yanapita. Pipa limefungwa. Kifuniko kiko juu yake, na filamu imekwisha. Hakuna mkono, hakuna pazia la maua, hakuna mama mkwe.

Nikamtafuta shemeji kwa macho.

Mwalimu akasimama. Akasema amesahihisha madaftari miaka thelathini na moja na kazi ya kunakili anaijua kwa harufu. Arobaini wamesifia kitu ambacho hakimo. Wanafunzi wakikosea kosa moja, akasema, wameketi dawati moja. Kisha akageuka kunitazama, na ukumbi mzima ukageuka naye. Bi Viti akatoka mlangoni, akabandua kadi moja ukutani, akarudi anainusa. Nadhani ilikuwa mojawapo ya zile za mguu.

Mama mkwe hakunitazama. Alishika kilemba chake kwa mikono miwili kama anataka kukishusha, halafu hakukishusha. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya Mwalimu.

Shemeji akashindwa kuvumilia. Akasimama, akasema mama yake hana kosa. Sehemu ile aliikata yeye, mhariri, ili kunistiri mimi. Wakamwambia aionyeshe. Nikasema isionyeshwe! Hakuna aliyenisikia. Akaiweka.

Mama mkwe anaibuka kwenye pipa. Kwa kweli anatisha. Sekunde nne. Kisha kamera inaanguka chini, na kinachoonekana ni miguu ya mwanamume anakimbia uani, kiatu kimoja kimemvuka, anapiga yowe la kumwita mama yake mzazi. Anajikwaa kwenye beseni. Anainuka. Anakimbilia upande uleule wa pipa. Anamwona tena. Anaanza upya.

Siku ile ya kupiga picha niliwaambia nimekwenda kuangalia mwanga.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Watu walishuka vitini. Wanakwaya walishikana. Mwalimu Mstaafu aliuma mto wake. Na mama mkwe akacheka, akacheka hadi machozi yakamharibia poda, anawaonyesha wenzake kwa kidole: huyo mimi huyo, mnaniona, nimemkimbiza! Wakadai irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

Bi Viti akanifuata huku anajifuta macho. Kasema kadi za uongo amezisamehe. Ile sehemu ikirudishwa kama ilivyo, miguu na yote, ananipa wiki ya pili, na ya tatu. Watu watakuja na watoto wao wacheke. Mama mkwe akanishika bega, akaniita mwanangu kwa mara ya pili, akasema nikubali. Mke wangu mlangoni anatikisa kichwa juu chini kwa nguvu. Hata Mwalimu alinyoosha kadi yake ya wino mwekundu nione: sabini na nne.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo.

Nikapanda kwenye kiti. Nikawaambia hii ni filamu ya kutisha, si kichekesho, na mwongozaji mwenye heshima zake hawezi kuuza miguu yake. Nikasema yule mkimbiaji si mimi, ni mtu aliyekuwa anapita. Nikasema ama wataogopa, ama hawataiona.

Bi Viti akaniomba nishuke kwenye kiti chake.

Mama mkwe akakusanya mkoba wake taratibu. Alipofika mlangoni akageuka, akasema duka linafunguliwa saa mbili kamili asubuhi. Akaniita wewe.

Jumatatu, 10 Juni

Misumari. Kilo mbili, nusu kilo, kilo mbili tena. Kila mteja anayeingia anaangalia kwanza viatu vyangu kama viko viwili. Ukumbini wanaruka na kujinyoosha. Nilisikia muziki wao nikipita.

Mke wangu ananisemesha kwa kifupi. Asubuhi alisema, huku anafunga kamba za viatu vyake, kwamba mama yake Jumamosi alikuwa amelitundika lile pazia la maua sebuleni, akalitazama, akalishusha tena.

Nimeyafikiria yote kwa kina, na sasa naona wazi nilipokosea. Watazamaji! Watazamaji ni watu wa kuropoka. Wateja wa vifaa vya ujenzi ni watu wa maana.

Kwa hiyo leo, mama mkwe alipokwenda benki, nimeweka kopo la biskuti juu ya kaunta. “Maoni ya Wateja.” Biashara ikipanda atajua thamani yangu, ataniita mwanangu tena. Kumi na tano nimeshaziandika na kuzitumbukiza. Muuguzi anasema nyundo zetu zimempa amani ya moyo. Bondia mstaafu analala na kitasa chetu chini ya mto. Mjane na fundi bomba, kila mmoja kwa mwandiko wake, wameisifia sana rangi yetu ya zambarau ya kupaka mabati, wakieleza kwa undani inavyong'aa jua likiipiga.

Kama rangi hiyo tunayo, itakuwa stoo ya nyuma. Huko sijaingia tangu nirudi. Taa yake imeungua, na nyuma ya mlango limetundikwa koti la marehemu baba mkwe.